Kutoa injini ya petroli na kuweka 1HZ ya dizeli kwenye Land Cruiser 80: soma kabla hujanunua injini

Mwenye Land Cruiser 80 ya petroli, ile yenye injini ya 1FZ-FE ya lita 4.5, akishapiga hesabu ya mafuta kwa safari za Kondoa, Mpwapwa au Iringa kupitia Mtera, huanza kuulizia dizeli. Kwa gari hili jibu letu hapa gereji huwa ni kwamba inawezekana, na inatoka kazi nzuri. Toyota wenyewe walitengeneza gari hilo kwa injini zote mbili: FZJ80 ni ya petroli, HZJ80 ni ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo. Karibu kila kifaa unachohitaji kilishatengenezwa kiwandani. Kinachokwamisha kazi ni mteja kununua injini tupu, bila vitu vinavyoizunguka, kisha gari linalala gereji likisubiri kibano kimoja cha alteneta ambacho hakipatikani peke yake.

Tuanze na hesabu, maana si kila gari linafaa kubadilishwa. Petroli ya 1FZ-FE hunywa takriban lita 18 hadi 22 kwa kilomita 100, kutegemea mzigo na mguu wa dereva. 1HZ yenye pampu na nozeli nzima huwa kati ya 12 na 15. Chukulia unaokoa lita 6 kwa kila kilomita 100. Anayetembea kilomita 20,000 kwa mwaka anaokoa lita 1,200; anayetoka Area C hapa Dodoma mjini kwenda ofisini na kurudi, kilomita 8,000 kwa mwaka, anaokoa lita 480 tu. Zidisha lita zako kwa bei kikomo ya EWURA ya mwezi huu, kisha linganisha na gharama ya injini, gia boksi na ufundi. Kumbuka pia kwamba dizeli si lazima iwe na bei nafuu kuliko petroli; faida yako inatoka kwenye lita unazopunguza. Kama gari linatembea mjini tu, tunakushauri ubaki na petroli na utengeneze unywaji wake: plagi, sensa ya oksijeni, kusafisha nozeli, na kuangalia kama breki hazigandi.

Jua pia unachopoteza. 1FZ-FE hutoa zaidi ya nguvu za farasi 200, 1HZ takriban 130. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Ukipanda mlima Sekenke na mzigo utabadilisha gia mapema kuliko ulivyozoea. Kwenye tope la Bahi na makorongo utaifurahia, maana inavuta vizuri kwa mizunguko ya chini.

Kununua injini

Nunua mbele yote ya gari lililokatwa, au injini ikiwa na gia boksi na transfa yake (boksi inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma). Kifuniko cha flaiwili cha 1FZ hakikubaliani na 1HZ, kwa hiyo kuchanganya gia boksi ya petroli na injini ya dizeli ni kuanza kutafuta vipande. Hakikisha vimekuja pamoja: alteneta yenye pampu ya vakyumu mgongoni, stata, relei ya hita plagi (plagi zinazopasha joto silinda kabla dizeli haijawaka), nyaya zake zote zisizokatwa, rejeta na kava la feni, sanduku la filta ya hewa, filta ya dizeli yenye pampu ya mkono, pampu ya pawa stelingi, kompresa ya AC, vishikio vya injini na mipira yake. Kama gari lako ni la otomatiki, ongeza pedali ya klachi na silinda zake mbili. Urefu wa propela shafti nao unapimwa upya.

Injini isikilizwe ikiwa baridi. Muuzaji akiipasha moto kabla hujafika, rudi siku nyingine. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma: moshi kidogo ni kawaida, lakini ukiona inapuliza kwa nguvu kama bomba la pampu, ringi zimechoka. Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, kwenye silinda zote sita. Injini nzima huwa karibu na bar 37. Chini ya bar 27 usiichukue, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 5. Taiming belti usiiamini hata muuzaji akiapa. Kwenye 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika valvu hugonga pistoni. Sisi hatuingizi injini garini bila belti mpya, tensheni yake, pampu ya maji na sili ya mbele ya krenki. Kazi hiyo injini ikiwa chini ni nyepesi. Ikiwa ndani ya gari ni siku nzima.

Halafu voti. Injini nyingi zilizotoka Japani huwashwa kwa voti 24, wakati gari lako la petroli ni voti 12. Soma kibandiko cha stata na namba iliyogongwa kwenye hita plagi. Hita plagi za voti 24 kwenye betri ya 12 hupata uvuguvugu tu, na asubuhi za baridi za Juni na Julai gari litakataa kuwaka. Ukifanya kinyume chake, zinaungua. Stata, alteneta, hita plagi na solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu, vyote vinne viwe vya voti 12 kabla ya kufunga nyaya.

Breki, ambazo hatuzifanyii mzaha

Hapa ndipo tunapokuta kazi mbovu kuliko popote. Injini ya petroli hufyonza hewa kupitia throto, kile kizibo kinachofunguka ukikanyaga mafuta, na ufyonzaji huo ndio unaosaidia busta ya breki, inayolainisha pedali. Dizeli haina throto. Bila pampu ya vakyumu, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na gari la zaidi ya tani mbili halisimami. Kwenye 1HZ pampu hiyo iko nyuma ya alteneta na inalainishwa na oili ya injini. Bomba la kuleta oili likiziba, pampu hukwama. Bomba la kurudisha oili likipinda, oili hujaa na kuingia ndani ya alteneta. Yote mawili yawe mapya. Kati ya pampu na busta pawe na valvu ya njia moja.

Jipime mwenyewe kabla ya kuchukua gari kwa fundi yeyote. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano hadi pedali ikaze. Ishikilie, washa injini: pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, usiliondoe gari hapo. Kisha zima injini ukanyage tena. Mara mbili au tatu za kwanza bado zinatakiwa kuwa laini.

Tenki na njia ya mafuta

Tenki lishushwe na lioshwe. Petroli iliyobaki ndani ni hatari, kwa sababu pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Petroli inaifanya ikauke na kujikwaruza. Pampu ya umeme iliyomo tenkini inatolewa, inawekwa bomba tupu la kufyonzea lenye chujio. Ukiiacha humo, 1HZ itavuta mafuta kupitia pampu iliyokufa, na gari litaishiwa nguvu kwenye mlima huku kila mtu akilaumu nozeli. Shingo ya kujazia mafuta ya magari ya petroli isiyo na risasi ina tundu dogo. Pua ya pampu ya dizeli haiingii, kwa hiyo inapanuliwa. Mipira yote ibadilishwe. Kwenye upande wa kufyonza, kibano kilicholegea hakivujishi mafuta nje, kinaingiza hewa ndani. Dalili yake ni gari kuwaka asubuhi, kutembea kidogo na kuzima.

Weka chujio cha kutenganisha maji, hasa kama unajaza kutoka kwenye mapipa vijijini. Masika, kimwage maji kila wiki.

Yaliyobaki ni ya kawaida lakini hayaachwi. Kompyuta ya injini ya petroli inatoka. Geji ya mizunguko ilikuwa ikisoma koili, sasa inahitaji sensa ya pampu ya dizeli. Sensa ya joto ifanane na geji iliyopo, la sivyo injini itachemka huku mshale umetulia. Rejeta iwe ya dizeli na ioshwe kabla ya kufungwa. Dizeli ni nzito zaidi, hivyo springi za mbele zilizochoka zitalala. Kwa vumbi la huku, mpira kati ya filta ya hewa na injini usiwe na ufa hata mmoja: vumbi la Dodoma hula ringi ndani ya msimu mmoja wa kiangazi.

Kadi ya gari inaonyesha namba ya injini, ujazo na aina ya mafuta, na yote matatu yamebadilika. Tunza risiti na nyaraka za kuingiza injini nchini, gari likaguliwe na polisi wa usalama barabarani, kisha TRA wabadilishe kumbukumbu. Mjulishe na wa bima. Injini isiyo na karatasi, hata ikiwa nzuri namna gani, usiilipie.

Baada ya kilomita 1,000 tunataka gari lirudi: tunamwaga oili ya kwanza (karibu lita 10), tunakaza vishikio, tunapima uwazi wa valvu injini ikiwa baridi, 0.20 mm za kuingiza na 0.40 mm za kutoa, na tunaangalia kila kiungo cha oili na dizeli. Baada ya hapo oili ni kila kilomita 5,000. Ukija kuulizia, lete kadi ya gari na picha ya kibati kilichoko kwenye chumba cha injini. Humo mna namba za utambulisho za gia boksi na za difu, na kwa hiyo tunakuambia kabla hujatoa pesa ni vipande vipi vitakufaa.