Miguu ya vifaranga ikipauka, tusikimbilie antibiotiki

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wafugaji wa kuku wa Goba, Mbagala, Kigamboni na kwingineko jijini. Imekuwa mazoea: vifaranga wakiingia bandani leo, oksitetrasaiklini, ambayo ni antibiotiki, inaingia kwenye maji leo hiihii. Wiki ya tatu miguu ikipauka, dozi inaongezwa. Mazoea haya yanawaumiza vifaranga na mfuko wa mfugaji.

Kifaranga wa mashine hakuatamiwa na mama. Utumbo wake unaanza karibu mtupu, na bakteria wanaotangulia ndio wanaoshika makazi. Mwaka 1973 Nurmi na Rantala wa Finland walionyesha kuwa vifaranga wakipewa yaliyomo katika utumbo wa kuku mkubwa mwenye afya, salmonela, bakteria wa kuharisha, hupata shida kuwaingia. Antibiotiki ya siku ya kwanza inawafagia hao walinzi kabla hawajakaa.

Kwa hudihudi ulinzi huu unaonekana kwa macho na kunuka puani. Tezi iliyo juu ya mkia wa kinda hutoa mafuta ya kahawia yenye harufu kali, na ndani yake wanaishi bakteria wa jamii ya Enterokokasi wanaotengeneza kemikali za kuzuia vimelea. Watafiti wa Hispania walipowadunga makinda antibiotiki, kemikali hizo zilipungua.

Sasa rangi. Ndege hawezi kujitengenezea karotenoidi, ile rangi ya njano ya miguu; anaila. Iko kwenye mahindi ya njano na majani mabichi, wakati mahindi meupe tunayosaga kila siku hayana karibu chochote. Hata ikiwamo kwenye chakula, utumbo uliochubuliwa na koksidia, vimelea wadogo wa utumbo, hauifyonzi, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, nayo huipausha miguu. Kwa makinda wa mbayuwayu, utafiti uliotolewa mwaka 2000 ulionyesha kuwa kinga ya mwili ikipata kazi, wekundu wa kinywa hufifia, na wazazi humlisha zaidi mwenye kinywa chekundu. Mzazi wa mbayuwayu anasoma rangi kabla ya kulisha. Mfugaji naye aisome kabla ya kufungua pakiti.

Linganisha vifaranga wa aina moja na umri mmoja, kwenye mwanga wa mchana, kwa kuwa kienyeji wengine wana miguu myeusi au myeupe kwa uzao. Wakipauka wote kwa pamoja huku wanakula vizuri, kagua chakula: mahindi gani yametumika, na je, yana ukungu? Wakipauka baadhi tu, wamejikunyata, mbawa zimelegea na kinyesi kina damu, shuku koksidiosisi, ugonjwa wa koksidia. Chota maranda chini ya chombo cha maji uyafumbe kiganjani. Yakibaki bonge ukifungua mkono, yameloa mno, yatoe. Masika ya Dar, joto na unyevu pamoja, ndiyo hali hasa ya kukomaza mayai ya koksidia. Kifaranga aliyekufa asubuhi apelekwe siku hiyohiyo maabara ya veterinari, Temeke, akiwa kwenye ubaridi lakini asigandishwe.

Koksidia si bakteria, hivyo oksitetrasaiklini haiwaui. Dawa yao ni amproliamu; ile ya unga ya asilimia 20 hutumika kwa gramu 1.2 katika lita moja ya maji, siku 3 hadi 5, kisha gramu 0.3 kwa lita kwa wiki 1 au 2. Kibandiko kikisema tofauti, fuata kibandiko. Siku hizo usichanganye vitamini. Dawa hii hufanya kazi kwa kuwanyima koksidia vitamini B1, na ukiimwaga B1 kwenye maji yaleyale umewarudishia. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kisha wanailaumu dawa.

Wauza vifaranga, tunawaomba acheni kufungasha pakiti ya antibiotiki pamoja na boksi la vifaranga wa siku moja. Mnunuzi mpeni karatasi ya joto la bruda, pale wanapolelewa vifaranga: nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, zikishuka takriban 3 kila wiki.

Wataalamu wa afya ya kuku,
Dar es Salaam