Tujenge nyumba zinazoweza kubadilika ndani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linalowagharimu wakazi wa Tabora fedha nyingi na machungu yasiyo ya lazima, nalo ni mazoea yetu ya kujenga nyumba ambazo vyumba vyake vikishasimama haviwezi tena kubadilishwa ila kwa nyundo na tindo.

Nilijenga nyumba yangu hapa Kiloleni mwaka 2004, kwa mshahara wa ualimu na kwa matofali ya kuchoma, nikifuata ramani iliyokuwa ikisifiwa na kila mtu wakati ule: vyumba vitatu, kimoja kikiwa na choo chake ndani, sebule, jiko, na ujia mwembamba katikati. Miaka kumi na miwili baadaye mama yangu alivunjika nyonga, tukamleta kutoka kijijini akae nasi. Kiti chake cha magurudumu hakikupita katika mlango wa choo, na katika ule ujia hakikuweza hata kugeuzwa. Nilimwita fundi apanue mlango na kuunganisha vyumba viwili; akagongagonga ukuta, akapanda darini, akashuka na kunieleza kwamba ukuta ule ndio uliobeba kenchi, yaani fremu za mbao zinazoshikilia paa, hivyo haukuweza kuguswa kabla ya paa kuegemezwa kwa magogo na boriti ya zege kumwagwa juu yake. Fedha ya kazi hiyo sikuwa nayo. Mama alilala sebuleni miezi saba, nyuma ya pazia la kanga, akiogeshwa kwenye beseni, na humo ndimo alimofia. Nalieleza hili kwa sababu najua kwamba nyumba nyingi za mtaa wangu zina ukuta kama ule, na wenye nyumba hawajui.

Wazee wetu hawakujenga hivyo. Nyumba za zamani za Isevya, Gongoni na Ng'ambo zina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba viwili au vitatu kila upande, na uani nyuma. Ukizitazama kwa makini utaona kwamba vyumba vyake vinakaribiana ukubwa na kila kimoja kina mlango wake unaofungukia ukumbini, kwa hiyo hakuna chumba kilichofungwa na kazi moja. Chumba cha mpangaji mwaka huu huwa cha kijana anayeoa mwaka ujao. Cha mbele hugeuka duka kwa kutoboa dirisha la barazani. Bibi akizeeka huhamia kile kilicho karibu na uani. Jiko na choo vimewekwa uani, hivyo moshi na maji havikuamua mpangilio wa nyumba kubwa. Ramani za sasa zimeleta choo cha ndani na jiko safi, mambo ambayo nayapenda na sitaki tuyarudishe nyuma, lakini zimetunyang'anya ule uhuru.

Jambo hili wengine walilifikiria mapema. Mwaka 1924, mjini Utrecht nchini Uholanzi, mjane mmoja mwenye watoto watatu, Truus Schröder, alijengewa nyumba na Gerrit Rietveld, mtu aliyeanza kama fundi samani kabla ya kuwa msanifu wa majengo. Ghorofa ya juu ya nyumba hiyo inaweza kuachwa wazi kama ukumbi mmoja mpana mchana, na usiku ikagawanywa kuwa vyumba kwa kuvuta kuta nyepesi zinazoteleza na kuzunguka. Kanuni za ujenzi za wakati ule hazikuwa na mahali pa kuiweka ghorofa ya namna hiyo, kwa hiyo katika ramani iliyoombewa kibali iliandikwa kuwa ni dari tu. Nyumba ile ipo mpaka leo, na tangu mwaka 2000 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mholanzi mwingine, John Habraken, alitoa hoja mwaka 1961 kwamba sehemu za jengo zinazodumu zipangwe mbali na zile za ndani, ambazo mkazi aachiwe azipange na kuzipangua mwenyewe.

Hoja hiyo inawezekana kabisa kwa fundi wa Tabora. Paa libebwe na kuta za nje na lenta, yaani mkanda wa zege juu ya kuta, inayozunguka nyumba nzima, kenchi zikipigwa kwa hesabu ya kuvuka upana wote. Kwa nyumba yenye upana wa mita saba au nane, kenchi za mbao zilizosanifiwa vizuri zinavuka bila kuegemea ukuta wa kati. Choo, bafu na jiko vikae upande mmoja, kwa kuwa mabomba ndiyo magumu kuhamisha kuliko kitu kingine chochote. Nyaya za umeme zipitishwe juu na kuteremshwa katika kuta za nje. Milango iwe na upana wa sentimeta 90, na kati ya dirisha na dirisha kuachwe nafasi ambapo kizigeu, yaani ukuta mwepesi wa kugawa chumba, kinaweza kufika ukutani bila kulikata dirisha. Baada ya hapo kuta za ndani ziwe nyepesi: plaiwudi au jipsamu juu ya fremu, kabati kubwa linalogawa chumba, au milango ya mbao inayoteleza kwenye reli. Mninga wetu, ambao maseremala wanausifu kwa kutopinda ukishakauka vizuri, unafaa sana kwa milango hiyo.

Nakubali kwamba ukuta mwepesi hupitisha sauti, na staha katika nyumba si jambo la kupuuzwa. Ndiyo maana ningeshauri ukuta kati ya chumba cha wazazi na vya watoto ubaki wa matofali, bila kubebeshwa paa. Mchwa nao ni adui wa kweli hapa kwetu, na fremu isiyopakwa dawa haitadumu. Hata hivyo gharama hizi ni ndogo ukizilinganisha na kubomoa, na kila ukuta unaobomolewa ni matofali yaliyochomwa kwa kuni za miombo yetu ambayo hatuwezi kuyatumia tena yote.

Ombi langu kwa wahandisi wa halmashauri yetu na kwa walimu wa vyuo vya ufundi ni kwamba waandae ramani moja ya mfano, ya nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, ikionyesha waziwazi ni kuta zipi zinabeba paa na zipi zinaweza kuondolewa, na ibandikwe mahali ambapo watu huenda kuomba vibali. Huku kwetu matofali hufyatuliwa mvua zikishakatika, na misingi mingi huchimbwa kiangazi. Ramani hiyo ikitoka kabla ya Juni, wanaojenga msimu huu wataiwahi.

Mwalimu mstaafu,
Kiloleni, Tabora