Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mwanafunzi naye ananyonyesha

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Nakusalimu kwa heshima. Ninafundisha sekondari ya kata, na jambo linalonifanya nikuandikie ni maziwa ya mama.

Tarehe 24 Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, akiwa katika kiti chako, alitangaza kuwa wasichana waliokatizwa masomo kwa ujauzito waruhusiwe kurudi shule. Sisi tulioishi na katazo la Rais Magufuli la Chalinze, Juni 2017, kwamba aliyepata mimba asirudi shule, tunajua uzito wa tangazo lile. Sina ubishi nalo. Ila anayerudi darasani nyumbani ameacha kichanga.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inampa mfanyakazi anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mwalimu mwenzangu akizitumia hakuna anayemnung'unikia, hadharani walau. Mwanafunzi wake mwenye mtoto wa umri uleule anasubiri kengele ya mwisho. Kliniki wamemwambia miezi sita ya mwanzo ampe maziwa ya mama tu, hata maji asimpe. Kufikia kipindi cha tano kifua kimejaa, blauzi imelowa, wavulana wa nyuma wanacheka chinichini. Kesho haji. Kwenye rejista tunaandika mtoro, kisha ofisini tunalalamika kwamba hawa hata wakirudishwa hawakai.

Wapo watakaosema tunazawadia mimba. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inamfunga miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba. Adhabu ipo na ina mwenyewe. Mtoto wa miezi mitano hana kesi.

Naomba waraka mfupi, mkikubaliana na wenzenu wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa): mwanafunzi anayenyonyesha apewe saa zilezile mbili, asihesabiwe mtoro, wala asilazimike kumbembeleza mwalimu wa zamu. Anayeishi karibu aende nyumbani. Wa mbali aletewe mtoto shuleni, kwenye chumba chenye mkeka na pazia. Kwetu stoo ya majembe ingetosha.

Nimewagusia bibi wawili watatu wanaobaki na wajukuu. Wako tayari kuja saa nne, wakati wa mapumziko. Walichouliza ni kama mlinzi atawaruhusu kupita getini. Nasubiri neno lako nikawajibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa sekondari ya kata