Nitumie faili za kazini, au nichukue likizo isiyo na mshahara?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mhandisi wa maji hapa Nairobi, nimeolewa na nina watoto. Nasomea uzamifu jioni na wikendi, karo natoa mfukoni mwangu. Masomo ya darasani nilimaliza, pendekezo la utafiti likapita, na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ninacho. Nimekwama kwenye ukusanyaji wa data.

Nachunguza madini ya floridi katika visima vilivyochimbwa kwa mashine huko Embakasi na viunga vyake, ambako maji ya mfereji huja kwa zamu na watu hulazimika kunywa ya kisima. Shirika la Afya Duniani linataka floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto huingia madoa ya kahawia. Ikizidi mno kwa miaka mingi, hata mifupa huharibika. Watoto wenye meno hayo nawaona nikiwa kazini na roho huniuma.

Utafiti huu unataka sampuli za kiangazi, kisha za visima vile vile baada ya mvua ya Machi hadi Mei. Maabara nayo haifunguliwi wikendi, na siku za kazi nikifika jioni nakuta imefungwa. Chupa za plastiki nilizosuuza na kubandika lebo (za glasi hazifai kwa floridi) zimerundikana chini ya meza ya jikoni.

Niliomba ruhusa kwa mkubwa wangu. Akaniambia kwa upole kuwa kampuni ina faili tele za visima, nizitumie nimalize upesi. Sharti lake ni asome tasnifu kabla ya wasimamizi wangu, aondoe kisima chochote kitakachomuudhi mteja. Shangazi, vitakavyoondolewa ni vile vile vyenye floridi nyingi! La sivyo, nichukue likizo bila mshahara.

Mume wangu anasema nikubali faili. Simlaumu, karo ya watoto haingoji, na chuoni bado natakiwa kuchapisha makala mawili kabla ya kufuzu.

Naomba unielekeze. Je, naweza kumshawishi mkubwa tuandikiane kwamba majina ya wateja yafichwe lakini vipimo vyote vibaki? Au nianze kwa kumweleza msimamizi wangu? Na ikibidi likizo, nizungumze vipi na mume wangu kabla kiangazi cha Januari na Februari hakijanipita?

Mhandisi,
Donholm, Nairobi