Harambee ya miaka inayofuata upasuaji

Ndugu, jamaa na marafiki,

Kadi za kikundi chetu cha wazazi hapa Buruburu zimeanza kuzunguka, na swali ni lile lile: kama mtoto kiziwi ameshapasuliwa na kuwekewa kipandikizi cha kusikia kwenye shina la ubongo, pesa ni za nini tena?

Watoto hawa neva yao ya kusikia haikuumbika au imeharibika kabisa, kwa hiyo kipandikizi cha koklea, kile kinachowekwa kwenye sikio la ndani, hakiwafai. Kwao, kibamba chenye elektrodi (vituo vidogo vya kupitisha umeme) huwekwa kwenye shina la ubongo lenyewe. Waliotangulia kufanya hivyo ni William House na William Hitselberger, Los Angeles, mwaka 1979, kwa mgonjwa mwenye uvimbe kwenye neva. Watoto walifuata miaka ishirini hivi baadaye.

Mtoto hatoki thieta akisikia. Kifaa huwashwa wiki kadhaa baadaye, madaktari wa dharura wakiwa karibu, maana neva za koo na uso ziko papo hapo. Mtaalamu wa usikivu hujaribu elektrodi moja moja. Inayoleta kizunguzungu, kikohozi au mtekenyo badala ya sauti huzimwa. Zilizobaki hupangwa kutoka sauti nzito hadi nyembamba, na mpangilio huo hurekebishwa mara nyingi, kwani mtoto wa miaka miwili hawezi kukuambia sauti imezidi, unamsoma usoni.

Tusidanganyane. Wengi hufikia kusikia honi ya matatu, hodi mlangoni au jina lao likiitwa, na kusoma midomo huwa rahisi zaidi. Wanaofuata mazungumzo bila kutazama midomo ni wachache. Hata hivyo usikivu huendelea kukua kwa miaka, mradi sehemu ya nje ya kifaa, yaani prosesa inayonasa sauti, ivaliwe kutwa na mazoezi yasikatike. Ukimpima mtoto baada ya miezi sita na kukata tamaa, umeharakisha mno. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mchango itamlipa mtaalamu wa matamshi, nauli za kliniki, na masomo ya Lugha ya Ishara ya Kenya kwa familia nzima. (Wapo wanaosema ishara humfanya mtoto mvivu wa kusema. Si kweli, kinachomwumiza ni kukaa miaka bila lugha yoyote.)

Fungu la pili ni vipuri. Kinachokufa mara kwa mara ni waya mwembamba wa koili (kisahani kinachoshikwa na sumaku kichwani na kupeleka sauti ndani): hukatika ndani huku nje ukionekana mzima. Mtoto haelezi, anaanza tu kukivua kifaa, na nyumbani wanasema amekikataa. Badilisha waya kwanza. Helmeti ya boda boda hubandua koili, nywele nene zilizosukwa juu ya sumaku huizuia kushika, na sumaku kali kupita kiasi huchubua ngozi. Jasho nalo hutia kutu mahali pa betri, kwa hiyo kila prosesa inahitaji kopo la kukaushia lenye silika (chembe zinazofyonza unyevu), ilale humo usiku.

Kadi zinaanzia shilingi 200. Zirudishwe kwa mweka hazina kabla ya Jumapili ya harambee.

Anayependa kuleta betri alete namba 675 za vipandikizi. Zile 675 za kawaida za vifaa vya masikioni hazihimili umeme mwingi ambao kifaa hiki hutumia. Na tafadhali msibandue kile kistika kinachofunika betri: hewa ikishaingia, betri huanza kuisha hata ikiwa kabatini.