Barua ya Wazi kwa Viongozi Wapya wa Vikundi vya Vijana

Wanangu,

Kijana haji kwenu akiwa mtupu. Nyumbani keshajua nani husema na nani hunyamaza; shuleni kajifunza kwamba kukosea mbele za watu ni aibu; kwenye simu huona kila siku kipi kinashangiliwa. Akikaa kimya mkutanoni msimwite mvivu. Huenda anatenda kama alivyolelewa.

Kikundi nacho humlea, na si kwa katiba yake. Mgeni husoma nyuso. Mchelewaji akisubiriwa mara mbili tatu, saa ya mkutano imeshahama, hata ratiba iseme nini. Aliyeuliza swali akichekwa, na mwenyekiti akatabasamu, wote walioona wamefungwa midomo, si yeye peke yake.

Katika miaka ya 1950 huko Marekani, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na mwingine kwa urefu. Jibu lilikuwa wazi, ila waliotangulia kujibu walikuwa wamepangwa kutoa jibu moja la uongo. Takriban robo tatu ya waliojaribiwa waliufuata uongo huo angalau mara moja. Akiwapo mwenzao hata mmoja anayesema kweli, au wakiruhusiwa kuandika jibu kwa siri, kufuata mkumbo kulipungua sana.

Basi kwenye jambo zito gaweni vikaratasi kwanza. Kila mmoja aandike maoni bila jina, yasomwe yote, ndipo mjadala uanze. Mwenyekiti aseme mwisho. Kura ya kunyoosha mikono siipendi hata kidogo: mkono wa tatu huitazama miwili iliyotangulia. Na anayepinga apewe muda wa kumaliza. Hata akikosea, amewafungulia wengine mlango.

Kambi zikizuka ndani ya kikundi, msitegemee karamu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwagawa wavulana 22 katika makundi mawili kwenye kambi ya likizo huko Oklahoma, Marekani. Walipolishwa pamoja, walirushiana chakula. Uhasama ulipungua walipokabiliwa na matatizo yaliyohitaji nguvu za wote, likiwamo la maji kukatika. Nanyi wapeni kazi ambayo kambi moja haiiwezi peke yake, na wachanganyeni tangu siku ya kwanza, kabla majina ya utani hayajazoeleka.

Mzee wenu