Watoeni kwanza wasiostahili kuwamo: barua ya wazi kwa maofisa wapya wa ustawi

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mlioingia kazini karibuni kwenye mahakama za watoto, mahabusu za watoto na ofisi za ustawi, pamoja na wale mnaojitolea bila mshahara, ambao mara nyingi ndio mnaoijua kazi yenyewe kuliko sisi tuliopewa vyeo. Mimi nimestaafu. Sina jalada mezani wala mkubwa wa kumwogopa, kwa hiyo naweza kuyasema mambo ambayo viongozi wenu wangependa myagundue wenyewe polepole.

Najua mlivyopokelewa. Umekabidhiwa rundo la majalada ya mtu aliyehama, ukaonyeshwa kiti, ukaambiwa "utazoea". Wiki haijaisha umeshaona kwamba watoto ni wengi kuliko saa za kazi, gari la ofisi ni bovu au halina mafuta, na kesho unatakiwa kusoma mbele ya hakimu ripoti ya kijana ambaye hujawahi kumtia machoni. Kwa kuwa mna moyo mzuri, mtajaribu kumgawia kila mmoja muda sawa na mwenzake. Hapo ndipo ninapotaka kuwashika mkono. Mkigawa sawasawa, kila kijana ataambulia dakika chache za kuulizwa jina, umri na darasa, kisha basi. Hakuna hata mmoja atakayefaidika.

Anzeni na wale ambao hawakustahili kuwamo kabisa. Watoeni, tena upesi. Muda mtakaouokoa mpeni anayebaki.

Pitieni majalada yenu jioni moja bila haraka mtaona ninachosema. Huyu alikimbia kipigo nyumbani, akakamatwa kwa uzururaji. Yule alipigana shuleni, jambo ambalo mwalimu wa nidhamu angelimaliza kabla ya kengele ya mchana. Huyu kakutwa na kipisi cha bangi. Mwingine amepewa dhamana lakini mdhamini hajapatikana, na hapo anayemweka ndani ni ufukara wa kwao, si kosa alilolitenda. Wote hao wanalala chumba kimoja na waliokwisha kuzoea kuvunja nyumba za watu, na usiku mle ndani ni mrefu, masomo ni mengi.

Sheria iko upande wenu, msione haya kuitaja. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 37, unasema kumkamata au kumfunga mtoto kuwe hatua ya mwisho kabisa, na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ikafafanua zaidi mwaka 2019: mtoto aliyekamatwa afikishwe mbele ya mamlaka husika ndani ya saa 24, akiwekwa mahabusu, mashtaka yasomwe mahakamani ndani ya siku 30, na uamuzi wa kesi utolewe kabla ya miezi 6 tangu siku aliyozuiliwa, la sivyo aachiwe. Ni ufafanuzi kwa serikali, haumfungi hakimu mikono. Hata hivyo uandikeni kwenye ripoti, aya ya kwanza, pamoja na tarehe aliyoingia kijana na hesabu ya siku alizokwisha kukaa. Tarehe ikiwa mbele ya macho, ni vigumu mtu kuipita kama hakuiona.

Maana kinachowaumiza watoto wengi zaidi si hukumu. Ni kungoja. "Upelelezi haujakamilika." Sentensi hiyo mtaisikia mpaka mtaiota. Kwa mtu mzima mwezi mmoja wa kuahirishwa ni usumbufu, tena usumbufu mkubwa. Kwa kijana wa miaka 15 miezi minne ni mitihani iliyompita, ni wenzake waliopanda darasa, ni rafiki mpya aliyempata mahabusu kwa kuwa hakuwa na mwingine. Kwa hiyo kesi ikiahirishwa, msiishie kuandika tarehe mpya. Ulizeni palepale: kinasubiriwa nini, na nani anakileta? Mara nyingi kinachosubiriwa ni karatasi moja, cheti cha kuzaliwa au maelezo ya shahidi mmoja, na karatasi hiyo imelala kwenye droo ya mtu ambaye hajui kwamba kuna mtoto ndani kwa ajili yake. Mpigie simu. Kesho mpigie tena. Atakuona msumbufu, sawa.

Kuna watakaowaambia, "Akae ndani kidogo apate akili." Wengine ni wazee wenzangu, na wanasema kwa nia njema. Wajibuni kwa adabu, lakini wajibuni. Mwaka 2015 wachumi wawili, Anna Aizer na Joseph Doyle, walichapisha uchunguzi wa vijana zaidi ya 35,000 waliopita mahakama ya watoto ya Chicago, mji uleule ambako mahakama ya kwanza ya watoto nchini Marekani ilianzishwa mwaka 1899. Kule kesi ziligawiwa kwa mahakimu bila kuchaguana, na mahakimu wenyewe wakatofautiana: mmoja mwepesi kufunga, mwingine mzito. Kwa njia hiyo waliweza kulinganisha vijana wanaofanana, ambao bahati tu ndiyo iliyowatenganisha. Waliofungwa walipungukiwa na nafasi ya kumaliza sekondari, na uwezekano wao wa kuingia gerezani wakiwa watu wazima ukaongezeka. Hiyo ndiyo akili waliyoipata.

Vivyo hivyo safari za kuwapeleka vijana gerezani wakapigiwe kelele na wafungwa ili waogope. Zinapendeza kwenye picha, wafadhili huzipenda sana. Watafiti waliozipima waligundua kwamba vijana waliopelekwa walifanya makosa zaidi kuliko wenzao ambao hawakupelekwa popote. Mkiombwa kuziandaa, tafuteni sababu ya kukataa.

Jambo jingine la kuwatia moyo: wengi huacha wenyewe. Mwanasaikolojia Terrie Moffitt, aliyefanya utafiti kuhusu watoto wa mji wa Dunedin, New Zealand, waliofuatiliwa tangu kuzaliwa, aliandika mwaka 1993 kwamba kundi kubwa la wakosaji wa umri wa ujana hukosa kwa kipindi hicho tu, na ni wachache wanaoendelea hadi utu uzima. Kwa hiyo kwa wengi kazi yenu si kuwageuza. Ni kuhakikisha kwamba hawafukuzwi shule, hawapotezi nyumba na hawapewi jina ambalo litawafuata mpaka kwenye maombi ya kazi, huku wao wenyewe wakiwa njiani kukua.

Sasa hao wachache wanaobaki. Hapa msifanye haraka.

Kijana wa umri huu hasemi ukimkalisha ng'ambo ya meza, kalamu mkononi, jalada wazi. Amekwisha kukalishwa hivyo na mwalimu, na polisi, na daktari. Mpe kazi ya mikono mfanye pamoja: kupanga viti baada ya kikao, kubeba maboksi ya nyaraka, kufagia uwanja. Mkiwa bega kwa bega, asipolazimika kukutazama usoni, maneno hutoka. Yakitoka usiyadake kwa pupa. Na usimuulize kwa nini alifanya. Mara nyingi hajui, atakutungia sababu ili umwachie. Muulize siku yenyewe ilikwendaje tangu alipoamka. Alikula nini, alikuwa na nani, alilala wapi jana yake. Hapo utaijua njaa na utamjua mkubwa anayemtuma, kama yupo.

Muwe macho na neno "ndiyo". Hakimu anauliza, "Umeelewa?" Mtoto anajibu, "Ndiyo." Anasomewa shtaka, anaulizwa kama ni kweli, anajibu, "Ni kweli." Nje ya chumba ukimuuliza ni nini hasa alichokikubali, anakwambia alidhani akikubali atarudi nyumbani leo. Kabla hajaingia, mwambie akueleze kwa maneno yake mwenyewe anashtakiwa nini, na nini kitatokea akikubali na akikataa. Asipoweza kueleza, hajaelewa, hata kama anatikisa kichwa. Basi inuka umwombe hakimu dakika tano. Hakimu mzuri atakupa.

Mkidhani utaratibu huo ni mambo ya mawakili, kumbukeni kesi ya Gerald Gault. Alikuwa na miaka 15 mwaka 1964 huko Arizona, Marekani, aliposhtakiwa kwamba alimpigia jirani simu ya matusi. Jirani huyo hakufika mahakamani kabisa, kijana hakuwa na wakili, hakuna kumbukumbu iliyoandikwa ya yaliyosemwa. Akaamriwa apelekwe shule ya marekebisho, ambako angeweza kushikiliwa hadi atimize miaka 21. Mtu mzima kwa kosa lilelile angetozwa faini ya dola 5 hadi 50, au kifungo kisichozidi miezi 2. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilitengua uamuzi huo mwaka 1967. Waliomfanyia hivyo hawakuwa watu katili. Mfumo wao ulijengwa juu ya wazo kwamba mahakama ni mzazi, na mzazi haulizwi maswali. Basi mkijiona mnampenda kijana sana kiasi kwamba hamhitaji kumsikiliza, simameni kidogo.

Kuhusu ripoti. Kwenye majalada mliyorithi mtakuta maneno haya: mkaidi, hashauriki, hana ushirikiano. Futeni msamiati huo vichwani mwenu. Andikeni kilichoonekana: "Alitakiwa kuripoti mara nne, alifika mara tatu, siku ya nne alikuwa amempeleka mdogo wake hospitali, daftari la hospitali limeonwa." Ni mistari miwili na ukweli wote umo. Hakimu anayesoma ripoti nyingi kwa asubuhi moja anaamua kwa mistari kama hiyo.

Na mzazi je? Chukueni mama wa kijana. Alifika mahakamani asubuhi na mapema, akakaa kwenye benchi hadi alasiri, hakuna aliyemwambia neno, kisha karani akatangaza tarehe nyingine. Siku hiyo hakulipwa kazini. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu hakuja, na jalada likaandikwa "mzazi hajali". Kabla ya kuandika hivyo, mtafuteni. Mwambieni saa ambayo kesi itaitwa kweli, si saa iliyoandikwa kwenye hati ya wito. Mtashangaa jinsi "wasiojali" wanavyofika.

Watu hupenda kutuambia kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wakimaanisha kwamba mama ameshindwa na sasa aadhibiwe yeye na mwanawe. Wanasahau kwamba ulimwengu wenyewe ndio sisi: polisi, karani, afisa, bwana mahabusu.

Msimsahau aliyeibiwa au kupigwa. Naye ana haki ya kujua kinachoendelea, na mara nyingi anachokitaka ni kidogo kuliko tunavyodhani: arudishiwe simu yake, aombwe radhi, awe na hakika kwamba hatapigwa tena njiani. New Zealand ilipitisha sheria mwaka 1989 inayoleta kikao cha familia, ambapo ndugu wa kijana, aliyekosewa na polisi hukaa chumba kimoja na kupanga kijana atalipaje alichokiharibu. Hata pasipo sheria ya namna hiyo mnaweza kuomba kikao kama hicho, ilimradi aliyekosewa akubali kwa hiari. Msimsukume. Akikataa, amekataa.

La mwisho ni kuhusu kuondoka kwenu, kwa sababu mtaondoka. Mtahamishwa, mtaoa na kuolewa, mtapata kazi yenye mshahara wa maana, na sitawalaumu. Lakini vijana hawa wamekwisha kuachwa na watu wazima wengi, na kila anayeondoka kimya anawathibitishia walichokuwa wanakishuku. Ukipata barua ya uhamisho, mwambie mwenyewe, asije akasikia kwa karani. Mpeleke kwa anayekupokea, mkutane watatu, ukiwapo. Juu ya jalada acha karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono: anapenda kuitwa nani, nani nyumbani anapokea simu, ni kitu gani kikitajwa ananyamaza, na ulimwahidi nini ambacho bado hakijatimizwa. Kilichobaki kwenye ahadi hizo kimalize kabla hujakabidhi funguo.

Wenu,
Mzee wenu wa ustawi, mstaafu